Kijana Aliyeziogesha Santuri

Mimi naitwa Claudette Spruill, na kama una nywele ngumu na umewahi kuishi Harlem, basi huenda kichwa chako kimepita mikononi mwangu. Saluni yangu iko chini kabisa ya jengo moja la barabara ya Edgecombe, na juu yangu, ghorofa ya tatu, ndiko alikokulia Wendell Gaskins na mama yake Vernice. Watu wakisikia habari za kundi lile la Edgecombe na albamu yao, huniuliza habari za wale wawili waliokuwa wakichana mistari ya rap mbele, wenye suruali pana na nywele zilizosimama kama debe. Mimi hao sina shida nao. Nataka kumzungumzia yule wa nyuma, aliyekuwa na mashine za santuri, ambaye ukimsalimia anavijibu viatu vyako.

Wendell alikuwa na miaka kumi na miwili hivi Vernice alipompa maboksi ya santuri za marehemu baba yake. Hakumpa kwa mapenzi. Yalikuwa yanamjazia kabati. "Chukua, au mimi natupa," alimwambia. Mtoto akachukua, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuziogesha.

Enzi zile vijana walikuwa wanapiga muziki bustanini, na mali ya DJ ilikuwa kile kipande cha ngoma ambacho mwenzake hana. Sasa wapo wajanja waliokuwa wanajisogeza karibu na mashine, wanainamisha shingo, wanasoma ile karatasi ya katikati ya santuri. Wiki ijayo unakuta kipande chako kinapigwa mtaa wa pili. Ndiyo maana wenye akili walizilowesha santuri kwenye maji ya moto mpaka karatasi ikabanduka, na jina likaenda na maji. Wendell hakulowesha mbili tatu. Alilowesha maboksi yote. Na majalada yake akayatupa, akazivalisha santuri zake mifuko myeupe yenye vipande vya utepe wa rangi anavyovielewa yeye peke yake. Vernice alirudi kutoka kazini, jikoni mwa hospitali, miguu inamuuma, akakuta bafu limejaa santuri na tundu la maji limezibwa na karatasi. Nilimsikia mpaka huku chini, na nilikuwa nimewasha draya.

"Sasa wewe mwenyewe utajuaje hii ni nini na ile ni nini?" nilimuuliza yule mtoto.

"Nazijua kwa mikwaruzo yake, Anti."

Nikamwambia ana wazimu. Akacheka akiangalia viatu vyangu.

Akakua hivyo hivyo. Akapata kazi posta, kazi nzuri ya serikali, Vernice akaanza kulala usingizi. Halafu akaja Prentiss Oglesby, aliyesoma naye tangu shule ya msingi, na binamu yake Prentiss anayeitwa Lamar Tibbs, wakaunda kundi wakalipa jina la barabara yetu. Kampuni moja ya katikati ya mji ikawaita, wakatia saini mkataba, na Wendell akaacha posta. Siku aliyoniambia Vernice habari hiyo, nilikuwa namfunga rola, na kichwa kilikuwa kinamtetemeka mpaka rola zinateleza.

Vernice aliuogopa muziki. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha. Nyumbani kwake hapakuwa na redio. Baba yake Wendell alikwenda California Wendell akiwa bado anabebwa mgongoni, akafia huko kwa ajali ya gari, na mtoto hakuwahi kuambiwa zaidi ya hapo. Mimi nilihamia hapa baadaye, sikumwona yule bwana hata kwa picha. Nilijua tu kwamba ukimtaja, Vernice anainuka anakwenda kufua kitu.

Basi wakaanza kutengeneza albamu. Kama hukuwepo miaka ile, jua kwamba kuchana mistari peke yake kulikuwa hakutoshi tena. Kila kampuni ilitaka ngoma nzito chini na sauti tamu ya kuimba juu, wasichana wacheze, vijana wajipulizie manukato. Kampuni ikamleta mtu wake, Giles Fontenot, bwana mmoja wa vinanda, pete kwenye vidole vinne, na huyo Giles akaanza kuzifumua nyimbo za Wendell moja baada ya nyingine na kuzishona upya. Kila akipanda ngazi kurudi nyumbani, Wendell alikuwa anapita kwangu kunieleza ni wimbo gani umekwenda. Mwisho ulibaki mmoja tu ambao Giles hakuugusa, kwa sababu hata yeye alipousikia alikaa chini.

Wimbo huo uliitwa "Acha Taa". Moyo wake ulikuwa kipande kidogo Wendell alichokitoa kwenye moja ya santuri zile zilizoogeshwa, kinanda kinashuka na mwanamke analia juu yake, "acha taa ikiwaka, mpenzi, acha taa." Basi, hayo tu, yanazunguka na ngoma chini. Nilikuwa nausikia ukipenya dari yangu miezi mizima, na sikuwahi kuuchoka. Vernice aliuchoka. "Yule mwanamke wake ananipigia kelele kama mlango usiotiwa mafuta," alikuwa akisema. Kampuni ikaamua ndio utakaotangulia redioni.

Halafu baridi ile, jaji mmoja hapa New York akaamua kwamba kuchukua kipande cha wimbo wa mtu bila ruhusa ni wizi kama wizi mwingine. Kampuni zote zikashikwa na homa. Mwanasheria wao, Bibi Abernathy, akamwita Wendell ofisini, akamuuliza swali ambalo ni rahisi kwa mtu yeyote duniani isipokuwa yeye. Huyu mwanamke ni nani?

Wendell akasema hajui.

"Santuri ya kampuni gani?"

Hajui.

"Ya mwaka gani?"

Yule mama alidhani anafichwa. Akamwambia mambo matatu, na Wendell alinirudia nayo akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kuoshea, koti hajavua. Kwanza, lazima jina la mwenye wimbo lipatikane, na yeye au mrithi wake aweke sahihi. Pili, hilo lifanyike kabla ya saa sita mchana Ijumaa, maana albamu inapelekwa kiwandani. Tatu, likishindikana, Giles ataajiri msichana aimbe kitu kinachofanana, na kwa kuwa hapo hakuna wimbo wowote wa Wendell utakaobaki, kampuni haioni sababu ya kumlipa DJ. Jukwaani watatumia kaseti.

"Na wenzako wamesemaje?" nilimuuliza.

"Prentiss anasema wako na mimi."

"Halafu?"

"Halafu akasema, ila mkataba ni mkataba."

"Na yule kichekesho, Lamar?"

Wendell alisugua uso. "Lamar anasema niliziosha vizuri mno, nimeosha mpaka na kazi yangu."

Nilitaka kumtukana Lamar, lakini maneno yenyewe yalikuwa ya kweli.

Ile ilikuwa Jumatatu. Wiki nzima sikumwona Wendell akila. Alichukua "Acha Taa" kwenye kaseti akazunguka nayo kila duka la santuri la Mtaa wa 125, akavuka mto akaenda mpaka Bronx, akasimama kwenye kaunta za wazee wanaojua kila kitu. Wakamwambia huyu mwanamke hawajapata kumsikia. Mmoja akamwambia, "Lete santuri yenyewe niishike, niisome namba zilizochongwa karibu na tundu lake." Wendell akakataa. Unaona ujinga huo? Watu wanataka kumsaidia, na yeye bado anaogopa wataijua santuri yake. Kuficha kulikuwa kumemwingia kwenye mifupa. Santuri ikabaki nyumbani chini ya godoro, ikazungushwa kaseti.

Nilimwambia aje saluni. Ukitaka kujua kitu Harlem, usiende dukani, nenda mahali wanawake wamekaa hawawezi kuondoka. Alhamisi nzima tukawapigia wateja ile kaseti. Mmoja akasema ni msichana wa kwaya ya Newark aliyeolewa na mganga wa meno. Mwingine akasema hapana, ni mwanamke wa Philadelphia, amekwishakufa, na alikuwa na deni lake. Wakabishana mpaka mmoja akavua kofia ya draya kabla hajakauka. Wendell alikuwa anaandika kila jina mkononi kwa kalamu, anakimbilia simu ya kona, anarudi anatikisa kichwa. Kufikia jioni mkono wote ulikuwa mweusi kwa wino na hakuna mwanamke hata mmoja. Nilifunga duka kama mimi ndiye ninayefukuzwa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na wateja wawili. Mmoja ni Bi Hattie Pruitt, mkongwe wa kanisa letu, ambaye kama kuna mwimbaji asiyemjua basi huyo hakuimba. Sikuweza kumpata mapema kwa sababu alikuwa kwa dada yake. Wa pili alikuwa Vernice mwenyewe, aliyekuwa na sikukuu ya kwaya Jumapili. Nilikuwa nimetoka tu kumpaka dawa ya kunyoosha nywele, kichwa kizima cheupe. Wanawake mtanielewa. Dawa ile haina urafiki na mtu. Muda wake ukifika unaiosha, na usipoiosha inakula ngozi.

Wendell akaingia na kaseti. Macho mekundu. Akamwamkia Bi Hattie, akamwamkia mama yake, Vernice akamjibu kwa pua.

"Bado unamtafuta mwanamke wako," akamwambia.

"Bado, Mama."

"Angekuwa wa maana angejitokeza."

Nikaweka kaseti kwenye redio yangu. Redio ikapiga neno moja, ikakohoa, ikaimeza. Tulipofungua, utepe wa kahawia ulitoka kama utumbo wa samaki. Wendell aliushika mkononi akiutazama.

"Lete yenyewe," nikamwambia.

"Anti—"

"Wendell, ni saa nne na nusu. Ukitaka kuificha, ifiche, uende nayo ukalale. Ukitaka kazi yako, ilete hapa."

Akapanda ngazi. Akarudi na santuri ndani ya koti, kwenye kile kifuko cheupe chenye utepe mwekundu. Sasa, mashine yangu ya santuri ni ya marehemu mume wangu, na kile kitufe cha kubadilisha spidi kiliganda zamani. Inazunguka polepole tu, na kwa nyimbo zangu za kanisa hainipi tabu. Wendell aliitazama.

"Hii haifiki spidi yake, Anti. Hii inapigwa haraka."

"Nani kakwambia?"

Akafikiri. "Mimi ndivyo nilivyoipiga siku zote."

"Basi leo ipige hivyo hivyo ilivyo. Bi Hattie ana masikio, atamjua."

Akaweka sindano pale pale kwenye kipande chake. Hakuwa na haja ya kutafuta, palikuwa pameparuzika mpaka pamekuwa peupe. Kinanda kikashuka, sasa taratibu, kizito, kama kinanda cha mtu mzima. Halafu sauti ikaingia.

"Huyo si mwanamke," akasema Bi Hattie.

Alikuwa mwanamume. Mwanamume mwenye sauti nyororo ya kifua, hana haraka, anamwomba mtu aache taa ikiwaka kwa sababu atachelewa kurudi. Wiki nzima tulikuwa tunamtafuta mwanamke asiyekuwepo, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili aliibandua karatasi iliyokuwa imeandikwa spidi, akaizungusha santuri haraka mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya mwanamke, na tangu hapo hakuwahi kuisikiliza santuri ile mwanzo mpaka mwisho. Alikijua kipande chake tu. Nilimgeukia nimpe yake, lakini sikuweza, maana Vernice alikuwa amesimama.

Alisimama na shuka langu la plastiki shingoni na dawa kichwani, ameshika mkono wa kiti.

"Nani kakupa hiyo?"

"Wewe, Mama," akasema Wendell. "Ilikuwa kwenye maboksi."

"Niliitupa. Nina hakika niliitupa."

"Ni nani huyo?"

Vernice aliungoja ubeti uishe. "Ni Calvin," akasema. "Ni baba yako."

"Calvin yupi?" akauliza Bi Hattie, nami nikakipiga teke kiti chake.

Mimi nimemfahamu Wendell tangu anaanza shule, na sijawahi kumwona akimtazama mtu usoni namna alivyoitazama ile mashine. Hakuiondoa sindano. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuwahi kumsikia baba yake akisema hata neno moja, na kumbe ameicheza sauti yake bustanini, ameirudisha nyuma na mbele kwa vidole, amewachezesha watu nusu ya Harlem. Alipiga magoti mbele ya spika na kusikiliza wimbo mpaka ukaisha. Mimi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

"Vernice," nikasema, "dawa."

"Subiri."

"Haisubiri hiyo, mama."

"Nimesema subiri."

Akatueleza akiwa wima. Calvin aliutunga wimbo ule, akaurekodi na rafiki zake wawili kwa akiba yao wenyewe, hapakuwa na kampuni, wakawa wanaiuza kwenye buti la gari. Mtu mmoja wa California akasema aipeleke huko. Vernice alirudi kutoka kazini akakuta nusu ya kabati tupu na mtoto kwa jirani. Ujumbe ulisema wiki mbili. Hakuna talaka, hakuna barua ya pili, mpaka polisi walipopiga simu kusema amekufa.

"Nilikwambia amefia California," akamwambia mwanawe. "Sikukudanganya. Sikukwambia tu alikwenda kufanya nini."

Saa tano ilikuwa inakaribia. Wendell alikuwa na ile karatasi ya Bibi Abernathy mfukoni, nilikuwa naiona pembe yake inachungulia, na hakuitoa. Ningeweza kumpiga kofi. Safari ya treni mpaka kule chini mjini si mchezo, na yule mwanasheria hakuwa mtu wa kungoja. Mwisho nikasema mimi.

"Kuna karatasi inataka sahihi. Mwenye wimbo, au mrithi."

"Mrithi ni nani?" akauliza Vernice.

Hakuwa na haja ya kujibiwa, maana bila talaka mjane ni yeye. Dawa ilikuwa imeanza kumchoma, niliona ngozi ya nyuma ya sikio inageuka rangi, na macho yanamtoka maji. Lakini hakutaka nimguse. Akamgeukia Wendell.

"Nikitia sahihi kinafuata nini?"

"Wimbo unabaki. Mimi nabaki."

"Halafu?"

"Halafu albamu inatoka."

"Halafu, Wendell?"

"Halafu tunasafiri, Mama. Kuna maonyesho."

"Mpaka wapi?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. "Mpaka California."

Vernice akacheka, kicheko kibaya, na machozi ya dawa yanashuka. Basi tukawa hapo. Kijana akikosa sahihi, anarudi posta na albamu ya rafiki zake inatoka bila yeye. Akiipata, mama yake anampeleka mwenyewe kwa mkono wake kule kule alikokwenda yule wa kwanza. Sijui ningefanya nini. Hata leo sijui.

"Mama," akasema Wendell, "usipotaka, usitie. Nitarudi posta. Sitakuja kukusimanga, hata siku moja." Na alikuwa anasema kweli, ndilo lililoniumiza. Akaitoa karatasi, akaiweka kwenye kaunta katikati ya vitana vyangu, akarudi nyuma.

Vernice aliitazama.

"Calvin hakuniuliza," akasema. "Nisingekataa, unajua? Angeniuliza tu." Kisha akanyoosha mkono. "Claudette, nipe kalamu."

Alitia sahihi akiwa ameinama, dawa inadondoka kwenye kaunta, jina lake lote, Vernice Gaskins, kwa herufi za mtoto wa shule. Alipomaliza akamsukumia. "Nenda. Na jina lake liandikwe. Lile lake la kweli, Calvin, siyo la kikundi chao."

Wendell akamkumbatia na dawa yote ikamwingia kwenye koti, akatoka mbio. Mimi nikamvuta Vernice kwenye sinki. Nilimwosha, na nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imetoka. Alipata kidonda, akakaa nacho mpaka majira ya machipuko. Hakulalamika hata mara moja, wala hakunilaumu.

Wendell alifika. Nilijua baada ya saa saba, aliponipigia simu akihema. Bibi Abernathy alikuwa amekwishavaa koti lake.

Albamu ikatoka mwezi wa sita, na kiangazi chote hakuna gari lililopita Edgecombe bila ule wimbo dirishani. Vernice alifunga madirisha yake, joto lile. Lakini nilipomnunulia kaseti na kumwonyesha jina la Calvin Gaskins limechapwa nyuma, kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, aliichukua akaitia kwenye pochi, akawa anatembea nayo. Nilimwona siku moja anaisoma kituo cha basi.

Mwezi wa nane wakaondoka. Wendell aliahidi atakuwa amerudi mwisho wa mwezi wa tisa. Kila Jumapili alipiga simu, na Vernice akitoka kanisani haongei na mtu, anawahi simu. Mwisho wa mwezi wa tisa ukafika. Akasema wameongezewa maonyesho. Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala iliyofuata.

Hapo nikamwona Vernice anavyoweza kuzeeka. Alikuja saluni, akakaa, nikimuuliza anataka nini anasema chochote. Mwezi wa kumi mama yake Prentiss akatuambia vijana wamegombana huko Oakland, kampuni imezuia pesa, Prentiss na Lamar wamerudi kwa ndege, nauli ya kukopa. Wendell hakuwa nao. Wao walidhani yuko nyumbani tayari. Nilimpandia Prentiss mpaka kwao nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, lakini hakujua zaidi ya hayo.

Vernice akawa analala na taa imewashwa. Niliona dirisha lake kila nikifunga duka, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Albamu ya pili haikutoka. Mtindo ule wa muziki ukapita kama inavyopita mitindo ya nywele, na leo Wendell ni fundi wa lifti, ana kitambi na mabinti wawili wanaomcheka. Watu wakija kuniuliza habari za Edgecombe wanataka kusikia za jukwaani na manukato. Mimi nikikumbuka albamu ile nakumbuka Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja.

Nilikuwa namchana Vernice. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na mimi nikasema funga mlango kabla sijatazama. Alikuwa Wendell. Amekonda, begi moja, ndevu, mashine zake ameziuza. Alikuwa amevuka nchi nzima kwa basi, akishuka kila mji kubeba mizigo ya watu apate nauli ya mji unaofuata. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliona haya kupiga simu. Haya. Mama yake yuko hapa anakufa kidogo kidogo, yeye anaona haya.

Vernice alimwona kwenye kioo. Hakugeuka. Mkono wangu ulikuwa kichwani mwake na nilihisi pumzi imemkatika.

"Claudette," akasema, "endelea."

Nikaendelea, sijui nilichana nini. Wendell alibaki mlangoni, anavitazama viatu vyake, halafu akainua macho akamtazama mama yake kwenye kioo.

"Umechelewa," Vernice akamwambia.

"Ndiyo, Mama."

Mdomo wa Vernice ukaanza kucheza, akauziba kwa mkono, haukuzibika. Akaniomba taulo, akafunika uso wote, na siku ile sikumsuka mtu mwingine.